Nukta ya Kichwa

Jumatatu, 11 Juni 1934

Mgongo, mgongo! Kutwa juu ya ngazi pale Kariakoo naandika jina la fundi baiskeli, Kizungu juu, Kiarabu chini, na yeye amesimama chini ya ngazi ananiuliza kama herufi haziwezi kuwa kubwa zaidi. Haziwezi. Kibao ni kile kile.

Nikiwa nakusanya vitu vyangu akanijia Kaitano, yule Mgoa mwenye duka la kupigia picha karibu na sokoni. Kibao chake nilikiandika mimi mwaka juzi. Akanivuta mpaka ndani, nyuma ya pazia la wapigwa picha, akanionyesha fremu ukutani. Picha ya rangi za mafuta. Ilichorwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa akikaa Upanga kabla ya vita — fundi mkubwa huko kwao, anasema Kaitano. Alipoondoka aliiacha hapo iwekwe tu, ikakaa. Sasa ndugu zake wameandika, wanaitaka. Itaondoka na stima mwanzoni mwa mwezi wa nane.

Kaitano anataka nimchoree nyingine kama ile. Nikacheka. Mimi mtu wa herufi! Akasema miaka yote hii anakunywa chai yake anaitazama, je, ikiondoka autazame ukuta?

Nikaikaribia. Nyeusi kama kikaango kwa moshi wa taa. Mlima, mto, miti, njia. Basi. Nimemwambia nitafikiri. Kwa nini sikusema hapana, sijui. Labda uchovu tu.

Alhamisi, 14 Juni

Nimekubali. Nyumbani nimesema ni kwa sababu vibao siku hizi havipatikani. Uongo. Ni ule mto. Tangu Jumatatu nikifumba macho nauona, na sijui yule mtu aliufanyaje ukawa na maji.

Saadiya yuko kitandani. Mimba ya tatu hii, mwezi wa saba. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili tulimpa jina, tukamzika kabla hatujalizoea. Safari hii Bi Zamda mkunga amekata shauri: mke wangu alale, asiinuke ila kwa haja, mpaka siku yake ifike. Basi amelala, anahesabu boriti za dari na kunisema mimi.

Mama hakuipenda habari ya picha. Akaniambia mwenye kuchora kiumbe, Siku ya Kiyama ataamrishwa akitie roho, na hataweza. Na katika nyumba hii, mtoto anangojewa, mimi ndiyo naleta mambo hayo? Nikamwambia Mama, ni miti na mawe. Akanishika mkono, akanisogeza mpaka kitandani kwa Saadiya, nikaahidi mbele yao wote wawili: chenye roho sichori.

Ahadi nyepesi. Kwenye picha ile hakuna hata ndege.

Jumanne, 19 Juni

Nimewamba kitambaa cha marekani kwenye mbao, nimepaka gundi na chokaa, imekauka. Leo nimeanza. Nimeanza upande wa kulia kuelekea kushoto, kama mkono wangu ulivyozoea. Kaitano akasimama nyuma yangu na kikombe chake, akasema hajapata kuona mtu akiusoma mlima kwa Kiarabu.

Kufika alasiri nilikuwa na mlima, mto na miti yote. Kila kimoja nimekizungushia mstari mweusi, safi, usiotikisika. Nilijisifu moyoni! Kaitano akaiweka kazi yangu chini ya ile ya Mjerumani. Akatazama juu, akatazama chini: "Hashil, mlima wake haukutiwa wanja."

Nikatazama. Kweli. Hakuna mstari hata mmoja. Mlima unakwisha pale mbingu zinapoanza, basi, hakuna mpaka. Na mimi maisha yangu yote ni kuweka mipaka, ndiyo kazi, herufi isiyo na mpaka ni doa.

Nimefuta kila kitu kwa tambara na tapentaini. Kichwa kinauma kwa harufu. Saadiya amenifukuza kitandani, anasema nanuka kama gati.

Ijumaa, 22 Juni

Kijani kinanitoa roho. Nakikamua, nakipaka, nakipata kijani cha mlango wa duka. Miti yake ya mbali haina kijani hata kidogo. Nilidhani ni uchafu wa moshi.

Baada ya sala Kaitano akanipandisha juu ya paa la duka lake. Mabati, makuti, moshi wa wakaanga samaki, na mbali kabisa vilima vya Pugu. Akaniuliza vile vilima vina miti? Vina. Miti ina rangi gani? Kijani. Akasema, "Sikukuuliza unachojua. Nimekuuliza unachoona."

Nikatazama. Majivu. Majivu yaliyotiwa buluu. Nimezaliwa mji huu, nimetazama upande ule tangu sijaota meno, na leo ndiyo nimeona. Nilikasirika, sijui nimkasirikie nani. Kaitano mwenyewe hawezi kuchora hata yai, lakini macho anayo.

Jumatatu, 25 Juni

Maulidi jana usiku mpaka alfajiri. Leo mkono ni gogo. Nimekwenda dukani kwa Kaitano, nimekaa mbele ya picha, nimesinzia. Nimerudi.

Jumapili, 1 Julai

Leo nimepata njia, na nimeipata ndani ya kazi yangu mwenyewe.

Kaitano alikuwa ananihimiza nipige miraba kwa kalamu ya risasi juu ya picha nzima, kama wafanyavyo mafundi wa ramani. Miraba inanichanganya. Ndipo nikakumbuka khati, ufundi wa kuandika Kiarabu. Herufi hupimwa kwa nukta ya kalamu: unaweka ncha, unapata kijinukta, na kwa kijinukta hicho unajua alifu isimame mpaka wapi, be ilale mpaka wapi. Maalim Zahoro alinitia elimu hii kwa bakora. Nukta ikikosewa, ukurasa mzima unakwenda upande.

Basi nikachukua kijiti, nikakata ncha, nikaanza kuupima mlima kwa nukta kama ninavyopima alifu. Mti wa kulia nukta kadhaa, mto hapa upana wake huu, pale unapopinda nusu yake. Na vitu vikakaa! Kwa mara ya kwanza mto wangu unakwenda nyuma, haupandi ukutani kama ngazi.

Kaitano alitazama kijiti changu akatikisa kichwa. Lakini akaniletea chai kwa mkono wake.

Jumatano, 4 Julai

Balaa.

Kaitano alitaka kuisafisha picha kabla haijasafirishwa. Kuna kizee wa Kigoa amemwambia aisafishe kwa kiazi kibichi kilichokatwa. Basi amekaa kwenye kigoda anasugua polepole, viazi vinageuka vyeusi mkononi, mbingu zinatoka, mawe yanatoka. Mimi natazama, nafurahi. Akafika kwenye njia, chini ya mlima. Akasugua. Akasema, "Eh!"

Kuna mtu.

Mwanamke. Mdogo, hazidi kucha ya kidole changu cha mwisho. Anakwenda na njia, ametupa mgongo kwetu, ana kifurushi. Alikuwepo siku zote, chini ya masizi.

Kaitano anacheka, anamwita mkewe aje aone mgeni. Mimi nilikwenda nje nikanawa uso bombani. Nilipoahidi hakuwepo! Lakini ahadi haikusema "vile vinavyoonekana".

Nimerudi nikageuza uso. Nikichora upande ule natazama mawe.

Jumatatu, 9 Julai

Nimemwambia Saadiya habari ya mwanamke. Sikupanga kumwambia. Kila jioni ananiuliza nimefika wapi, ni mlima gani, mto gani, mtu kulala kutwa anakuwa na njaa ya habari. Leo likanitoka.

Nilidhani ataogopa. Badala yake akajiinua kwa kiwiko. Amevaa nini? Sijui. Kifurushi cha nini? Sijui, kuni labda. Mzee au kijana? Saadiya, ni mdogo kama punje, na simtazami! Akanung'unika kwamba mume wake ana macho ya kuangalia mawe tu.

Halafu akaniuliza anakwenda wapi. Nikamwambia njia inapinda nyuma ya miti, haionekani mwisho wake. Akafikiri. "Anakwenda kwao," akasema. Akalala upande wa pili.

Mama hajui. Hatutamwambia.

Jumamosi, 14 Julai

Nimemaliza. Mlima, mto, miti, mawe, njia. Njia tupu.

Tumeziweka pamoja ukutani. Kaitano alisogea nyuma, akasogea mbele. Rangi ni zile zile, nimezisaka kwa jasho. Vipimo ni vile vile. Na bado! Mlima wake mtu unaogopa kuupanda. Wangu ni fungu la mchanga la mafundi waashi. Mto wake ungekuchukua. Wangu ungeuruka na kanzu yako.

Kaitano hakutaka kuniumiza. Akasema labda ni mwanga. Akasogeza pazia. Haikuwa mwanga.

Nimerudi kwa miguu kupitia sokoni, nimegongana na mahamali wawili, nimetukanwa. Nimechoka na picha, nimechoka na mlima nisioujua, nimechoka na nyumba yenye watu wanaopumua kwa tahadhari. Saadiya aliniuliza yule mwanamke amefika wapi. Nikamwambia hayupo. Akageukia ukutani.

Jumanne, 17 Julai

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Nilikuwa naandika kibao cha duka la nguo, ndiyo kwanza nimeanza neno. Nikaona alifu yangu imesimama peke yake ubaoni, bado haina jirani. Ni kubwa? Ni ndogo? Huwezi kusema. Ni kijiti tu, mpaka uweke nukta kando yake.

Nikaacha kopo wazi nikaenda mbio kwa Kaitano. Nikamziba yule mwanamke kwa kidole kwenye picha ya Mjerumani. Mlima ukalala chini! Ukawa fungu la mchanga, kama wangu. Nikaondoa kidole — ukasimama. Nikaziba, ukalala. Nikaondoa. Kaitano alidhani nimepatwa na wazimu.

Yeye ndiye nukta. Mlima, mti, mto, vyote vimepimwa kwake. Fundi yule hakumweka kwa pambo, aliuweka kwanza urefu wa mtu halafu akajenga dunia juu yake. Ukimtoa, hakuna kikubwa wala kidogo.

Sikuwahi kukitaka kitu kama ninavyotaka kumweka yule mwanamke pale. Naandika hivi na naona haya. Mke wangu yuko chumba cha pili, na tumbo lake limeteremka, Bi Zamda amesema.

Alhamisi, 19 Julai

Kwa Maalim Zahoro. Jino linamsumbua, amefunga kilemba cha kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini, watoto wa chuo wanaghani huku wanamchungulia. Shikamoo Maalim. Marahaba, sema upesi.

Nikasema upesi. Akafumba macho. Akanikumbusha ile ile ya Mama: utaambiwa utie roho. Nikamwambia Maalim, ni mdogo kama punje. Akasema ukubwa haukutajwa. Nikauliza, na akiwa hana kichwa? Nimewahi kusikia.

"Kichwa kikiondoka, wako wanaosema kinachobaki ni kama mti tu." Akashika taya. "Hashil, umekuja kuuliza au umekuja kuchukua ruhusa?"

Akamchapa mtoto mmoja aliyekuwa anacheka, akanifukuza na mimi.

Njia nzima nikajiambia: kama mti tu. Kama mti tu.

Jumapili, 22 Julai

Nimemchora bila kichwa. Mabega, mgongo, kifurushi, gauni. Juu ya mabega, mawe.

Ajabu ya kwanza: mlima ulisimama! Hata kabla rangi haijatulia, ukapanda juu, nyuma yake kukawa na hewa. Ndiyo ile, ndiyo ile!

Ajabu ya pili: ni maiti inayotembea. Mkewe Kaitano alipoona akafanya msalaba. Ukishamwona huwezi kuona kitu kingine.

Basi mkono wangu ukafanya ulichozoea. Ukamvisha buibui. Nikasema kitambaa kinaficha kila kitu, nani ajue ndani kuna kichwa au hakuna? Kaitano akarudi nyuma, akatazama. Akasema kwa heshima sana kwamba kule Ulaya kwenye theluji hajasikia kama wanavaa buibui, na kwamba kwa mbali ni kunguru. Alikuwa kunguru kweli. Kunguru mnene anapanda mlima wa Ulaya.

Tulicheka wote watatu mpaka machozi. Mimi yangu yalikuwa na mengine ndani. Nimefuta buibui. Amebaki bila kichwa.

Alhamisi, 26 Julai

Kibao. Kibao. Kibao. Saadiya hapati usingizi, miguu imevimba, Mama anaikanda kwa mafuta ya nazi na kusoma dua. Sijagusa brashi wiki hii. Saadiya akiniuliza habari ya njia, namwambia habari ya vibao.

Jumatano, 1 Agosti

Imeondoka. Nilikuwepo Kaitano alipoipigilia ndani ya sanduku la mbao, amejaza takataka za mbao pembeni isiumie. Hamali akaibeba kichwani kwenda forodhani. Tulisimama mlangoni kama watu waliotoka mazikoni.

Ndipo nikagundua upumbavu wangu. Njiani nimesimama katikati ya mtaa, mkokoteni nusura unikanyage. Kichwa chake kilikuwa kimekaaje? Kimeinuka, anatazama kilele? Kimeinama? Kimegeukia mto? Sijui! Karibu mwezi mzima nilikuwa naye pua kwa pua na nilijikaza nisikitazame. Kila jiwe la njia ile nalijua. Kichwa sikijui.

Basi ndiyo imekwisha. Hata nikitaka siwezi. Nilitegemea nitapata nafuu.

Ijumaa, 3 Agosti

Saadiya ameomba kuiona. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nimeitoa kwa Kaitano, nimeifunga shuka, nimemwambia Mama ni kibao cha mteja. Hiyo ni mara ya pili au ya tatu, nimeacha kuhesabu ninavyomdanganya mama yangu.

Nimeiegemeza kwenye kiti mkabala na kitanda. Saadiya hajapata kuona mlima. Akavuta khanga mpaka mabegani. Akasema pana baridi pale. Nikafurahi kama mtoto, kwa sababu ni kweli, pana baridi, na baridi ile niliitia mimi.

Halafu akamwona. Uso ukabadilika.

"Umemfanya nini?"

Nikamweleza. Ahadi, Maalim, mti. Alisikiliza. Mwisho akasema mimi namwogopea mtoto, yeye pia anamwogopea, kila saa, hakuna anayemshinda kwa hofu katika nyumba hii. Lakini kulala na mwanamke aliyekatwa kichwa miguuni pake, hilo hawezi. "Hashil, nimebeba wawili sikufika nao. Na huyu naye asifike? Mwekee kichwa aende kwao."

Nikamwambia sijui kilivyokaa. Akasema tutazungumza kesho, amechoka.

Jumamosi, 4 Agosti

Naandika upesi, nisije nikajiandikia hadithi.

Baada ya adhuhuri Mama alikwenda mtaa wa Gerezani kwenye hitima. Saadiya akaniambia niichukue brashi. Nikasema nimekwambia sikikumbuki. Akasema, "Mtu akipanda na mzigo anakwendaje, umesahau? Tazama." Na akainuka.

Nilimkataza! Nilisema Saadiya, Bi Zamda! Alikwisha kusimama. Nikataka kumpa mto aubebe mgongoni kama kifurushi, akacheka: "Mimi wangu nimeubeba mbele." Akaweka mkono kiunoni, akatembea, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Polepole. Kichwa hakikuinuka wala hakikuinama sana. Kilielekea upande kidogo, kama anasikiliza mguu unakanyaga wapi. Shingo yake kwa nyuma, nywele zilizolowa jasho. Miaka yote hii ni mke wangu na sikupata kumwona akitembea akinipa mgongo.

Nilichovya. Kichwa kwa umbali ule ni nukta moja tu. Ncha ya brashi, kidogo upande. Basi.

Akawa mtu. Sikumchora mwanamke wa Mjerumani. Nimemchora Saadiya, yuko njiani, ana mzigo. Mlima umesimama mpaka nje ya fremu.

Niligeuka kumwonyesha. Alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, macho kafumba. Akasema si kitu. Akalala. Alipopata pumzi akatazama picha, akatabasamu, akasema anaonekana amechoka lakini atafika.

Magharibi hii ameniambia si si-kitu tena. Nimekwenda kumwita Bi Zamda.

Jumapili, 5 Agosti

Asubuhi. Usiku mzima. Mwezi wa tisa haujatimia. Mimi nimetolewa niko chumba cha mbele, na picha wameitoa pamoja nami, iko kwenye kiti chini ya shuka yake. Tunakaa sisi wawili kama wageni waliokuja wakati mbaya.

Nasikia sauti ya Saadiya, halafu sisikii. Ile ya pili ni mbaya zaidi.

Kama ni adhabu, kwa nini apate yeye? Brashi niliishika mimi. Kama si adhabu, basi ni kuinuka kwake, na aliinuka kwa ajili yangu. Nageuza huku na huku, kila upande niko mimi.

Karibu adhuhuri. Mama ametoka kuchukua maji ya moto. Alipopita akasimama. Akainua ncha ya shuka. Nilimtazama anavyotazama: mlima, mto, njia. Akamfikia yule mwanamke.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Akasema kwa sauti ya chini, amechoka mno hata kunikasirikia, "Uliniambia miti." Akaenda kwenye kikapu changu cha kazi, akatafuta, akatoa tambara na chupa ya tapentaini, akaviweka karibu na mguu wangu. Akaingia ndani na maji.

Rangi za mafuta hazikauki kwa siku moja. Nimegusa pembeni kwa kidole, bado mbichi. Kutelezesha mara moja tu, nukta inatoka, anarudi kuwa mti. Ni kazi ndogo kabisa. Nimefuta mlima mzima mwezi wa sita wala sikujuta.

Nimetia tapentaini kwenye tambara. Nimesogea. Na shingo ile ni yake. Anasikiliza mguu unakanyaga wapi. Nikimfuta, namfuta nani? Na nisipomfuta, na ndani kukitokea la kutokea, nitaishije na picha hii? Nitamtazamaje Mama?

Ee Mola, mimi ni mtu wa herufi.

Bi Zamda ametoka sasa hivi. Mikono imelowa mpaka viwikoni. Nilisimama, akaniashiria nikae, bado. Mtoto amekaa vibaya, anamgeuza. Akajipangusa jasho kwa bega.

"Mkeo ana maneno yake," akasema. "Kila akipata pumzi ananihimiza nije nikwambie usifute. Usifute nini, mwanangu? Ameshika mkono wangu hataki kuniachia mpaka niseme nimekwambia. Basi nimekwambia."

Wamemwita ndani kwa ukali, amekimbia, mlango umebaki wazi nusu.

Kalamu iko mkono wa kulia, tambara mkono wa kushoto, linadondoka sakafuni. Simsikii Saadiya. Mama amesimama mlangoni, haniangalii usoni, anautazama mkono wangu wa kushoto. Nimeliacha tambara lianguke, simfuti.